Magugu Hayangoji Mkutano

Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa kwa vikundi vya kujisaidia vya Kesses kabla ya msimu wa kupanda. Yamechapishwa kwa faida ya wanachama ambao hawakuweza kufika. Someni pamoja katika kikundi, kisha mjibu maswali yaliyo mwishoni.



Mwenyekiti wenu alipotualika alitupa kichwa hiki: "Kazi ya mtaalamu wa kilimo." Kisha akatuvuta kando, akatuambia kwa sauti ya chini, "Lakini msituletee hotuba. Tuleteeni kitu cha kwenda nacho shambani." Tumekubali. Tutawaeleza kazi yetu pamoja na makosa yetu, maana makosa ndiyo yaliyotufundisha zaidi. Na kile kitu cha kwenda nacho shambani kimo katika makosa hayo hayo.

Sisi tunaozungumza hapa ni watu wa mimea ya shambani. Hatukusomea ng'ombe wala kuku, ingawa mkulima akituona na buti hutuuliza yote. Kazi yetu ni kuuangalia mmea pale uliposimama: udongo wake, mvua yake, mbegu yake, mbolea yake, na majirani zake. Majirani wa mmea ndio magugu. Tulitoka chuoni katika miaka ya 1980, tukapewa eneo la kuzunguka, tukaanza kuingia boma hadi boma. Majibu tulikuwa nayo mengi sana. Maswali ndiyo hatukuwa nayo.

MAMA WA KUMI NA MBILI

Kulikuwa na kikundi kimoja cha akina mama tulichokitembelea. Wanachama walikuwa 12. Wakati wa palizi walisaidiana: kila Jumatano waliingia shamba la mwanachama mmoja wakalimaliza. Ni jambo zuri, na wazee wetu walilifanya kabla serikali haijawa na afisa wa kilimo hata mmoja.

Katika kikundi hicho alikuwemo mama mjane mwenye ekari moja. Jirani yake alivuna magunia 18, yeye akavuna 6. Udongo ni ule ule, mvua ni ile ile. Alituuliza sababu. Tukatazama mabua, tukamwambia, "Mama, badilisha mbegu." Akabadilisha. Mwaka uliofuata akapata magunia 7. Tukamwambia, "Ongeza mbolea." Akauza kondoo wake wawili, akanunua mbolea. Mwaka wa tatu akarudi kwenye magunia 6.

Siku hiyo tulikuwa na kijana mmoja aliyetoka chuoni juzi tu. Sisi wakubwa tulikuwa tumeshaanza kuzungumza juu ya ugonjwa wa mahindi. Yeye akamwuliza yule mama swali la kitoto kabisa: "Mama, shamba lako lilipaliliwa lini?"

Mama akajibu, "Mimi ni wa kumi na mbili."

Hebu tupige hesabu pamoja. Wanachama 12, shamba moja kwa wiki. Wa kwanza alikuwa mwenyekiti, wa pili katibu, wa tatu mweka hazina, na orodha ikashuka hivyo kwa vyeo. Huyu mjane, ambaye hakuwa na cheo wala sauti, alifikiwa wiki ya kumi na mbili. Mahindi yake yalikuwa yameshindana na magugu kwa karibu miezi mitatu. Alipokuwa akisubiri alipalilia kidogo kidogo peke yake, lakini alikuwa pia akienda kila Jumatano kuwapalilia wenzake kumi na mmoja, na siku nyingine alifanya kibarua ili watoto wale.

Basi ile mbolea aliyonunua kwa kondoo wawili, nani aliila? Magugu. Na nani alimshauri auze? Ni sisi. Hatukumwuliza swali moja ambalo lingemwokolea mifugo yake. Wazee husema kuuliza si ujinga. Sisi tulidhani mwenye kuuliza ni mkulima na mwenye kujibu ni afisa.

KITALE WALISHALISEMA

Jambo hili halikuwa siri. Kule Kitale, katika kituo cha utafiti wa mahindi, mbegu ya haibridi H611 ilitolewa kwa wakulima mwaka 1964, na watu wengi walifurahi. Lakini mtaalamu wa mimea aliyeitwa A. Y. Allan hakutosheka na habari ya mbegu peke yake. Yeye na wenzake walifanya majaribio katika wilaya mbalimbali za magharibi mwa Kenya. Walilinganisha mambo kadhaa: mbegu ya kienyeji na haibridi, mbolea na bila mbolea, kupanda mapema na kuchelewa, mimea ya kutosha na mimea michache, palizi nzuri na palizi ya kuchelewa. Matokeo ya mwaka 1966 yalichorwa kwa umbo la almasi ili mkulima ayaone kwa jicho moja, na watu wa kilimo wakayaita almasi ya mahindi.

Almasi hiyo ilionyesha nini? Ilionyesha kwamba mbegu ya kienyeji bila mbolea ya dukani, ikipandwa mapema na kupaliliwa vizuri, ilishinda haibridi yenye mbolea iliyopandwa kwa kuchelewa na kupaliliwa vibaya. Msitunukuu vibaya, ndugu zetu. Mbegu bora na mbolea zinafaa, na shamba lililopata vyote kwa pamoja ndilo lililoongoza. Lakini anayenunua mbegu na mbolea halafu anachelewa kupalilia ameanza na kinachogharimu pesa, akaacha kinachogharimu wakati.

Sababu yake ni hii. Mahindi yakishaota, kuanzia wiki ya pili au ya tatu hadi kama wiki ya nane, ndipo yanapoamua yatakuwa mahindi ya namna gani. Wakati huo hayawezi kuvumilia jirani mbaya. Ukiyasafishia njia katika wiki hizo, yatafunika ardhi kwa majani yake, na gugu litakaloota baadaye litakaa gizani. Ukiingia baada ya hapo, unayapalilia mahindi yaliyokwisha kudumaa. Shamba litapendeza machoni mwa wapita njia, lakini gunia halitajaa.

Na kuna jambo la mvua ya kwanza. Mwaka 1958 mtafiti H. F. Birch, aliyekuwa Muguga, alieleza kwamba udongo uliokauka sana ukipata maji, viumbe vidogo vilivyomo huamka na kuozesha mabaki kwa kasi, na chakula kingi cha mimea aina ya naitrojeni huachiliwa kwa muda mfupi. Hapa kwetu ukame wa Januari na Februari hukausha udongo, halafu mvua za mwisho wa Machi na Aprili huandaa meza hiyo. Meza hiyo haikai muda mrefu. Mvua ikizidi, chakula hicho huzama chini kisifikiwe na mizizi. Mahindi yakiwepo mapema yatakula. Yakichelewa, gugu halijachelewa. Lilikuwa pale pale udongoni likingoja.

MFANO TUNAOUJUA SOTE

Mnaukumbuka mfano wa ngano na magugu katika Injili ya Mathayo, mlango wa 13. Sisi watu wa kilimo tunaupenda kwa sababu aliyeusimulia aliwajua wakulima. Wengi husema gugu lile ni aina ya nyasi inayofanana na ngano kabisa ikiwa changa, hata mkulima mzoefu hulitambua vizuri tu linapotoa suke. Na kufika wakati huo mizizi imeshikana. Ukiling'oa unaondoka na ngano. Ndiyo maana mwenye shamba aliwazuia watumishi wake. Wenyeji wa Uasin Gishu, ambao wamelima ngano miaka mingi, hawahitaji kufafanuliwa jambo hilo.

Mafundisho ya roho tunawaachia wachungaji na mapadri wetu. Sisi tuchukue lile la shamba: kuna wakati ambapo kung'oa kunaponya, na kuna wakati ambapo kung'oa kunaharibu. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

KILOMITA ZA KUINAMA

Sasa tuseme ukweli ambao katika mikutano mingi hausemwi. Palizi ni kazi ya nani? Trakta inapolima, baba yupo. Mbegu inaponunuliwa, baba yupo. Gunia linapopimwa, baba yupo mbele kabisa. Palizi mara nyingi huachiwa mama na watoto.

Chukua ekari moja. Panda mahindi kwa mistari ya sentimita 75. Ukiiunganisha mistari hiyo yote kuwa mstari mmoja, utapata zaidi ya kilomita 5. Palilia mara mbili, ni kama kilomita 11. Mwenye ekari tatu atapita zaidi ya kilomita 30 akiwa ameinama na jembe, huku mtoto akiwa mgongoni na ng'ombe wakimngoja kukamuliwa. Kwa hivyo tukisema "palilieni mapema" halafu tukapanda gari tukaenda zetu, hatujasema kitu. Swali ni mikono. Iko wapi, ni mingapi, na inafika lini?

Hapo ndipo kikundi kina nguvu kuliko dawa yoyote. Lakini ni lazima kikundi kipange kazi kwa kalenda ya mahindi, kisipange kwa kalenda ya mikutano. Kikundi kile cha akina mama kilipoiona hesabu ya kumi na mbili, kilikaa kimya kwa muda. Halafu mwenyekiti mwenyewe akasema, "Sisi ndio tuliomfanya maskini." Walibadilisha mambo matatu.

La kwanza, walifanya kazi siku nne kwa wiki kwa wiki tatu, badala ya siku moja kwa wiki kumi na mbili. Kwa wiki hizo tatu waliahirisha merigorauni na mikutano mingine yote. La pili, orodha ilifuata tarehe ya kuota mahindi, si cheo. Shamba lililoota kwanza lilipaliliwa kwanza, na waliopanda siku moja walipiga kura. La tatu, mjane, mgonjwa na mama aliyejifungua walitangulizwa, na kama hawawezi kuja kwa wenzao, waliruhusiwa kulipa kwa kupika chai au kuchunga watoto wa wapaliliaji.

Msimu huo yule mama alivuna magunia 15. Mbegu ilikuwa ile ile, na mbolea hakuongeza.

WAJUENI KWA MAJINA

Kazi yetu nyingine ni kumjua adui kwa jina na kwa tabia, maana hayafi kwa njia moja.

Kuna magugu yanayozaa kwa mbegu tu, kama kishona nguo. Haya ni rahisi yakiwa madogo. Yakate yakiwa na majani mawili au manne, jua la mchana litamaliza kazi. Ukiyaacha yazae, mmea mmoja utamwaga maelfu ya mbegu. Na mbegu hizo zina subira kuliko sisi. Mwaka 1879, kule Michigan nchini Marekani, mwalimu aliyeitwa William Beal alizika chupa 20 zenye mbegu za mimea ya porini, ili wenzake wazifukue moja moja baada ya miaka. Chupa moja ilifukuliwa mwaka 2021, na baadhi ya mbegu ziliota baada ya miaka 142. Kwa hivyo ukiona gugu moja lenye maua pembeni mwa shamba, usiseme "hilo moja tu."

Kuna magugu yenye mizizi inayotambaa chini, na hapa kiongozi wao ni sangari. Ukiikata sangari vipande kumi kwa jembe au kwa haro ya trakta wakati udongo una maji, umepanda sangari kumi. Dawa yake ni jua. Lima Januari au Februari ardhi ikiwa kavu, chimbua mizizi kwa jembe la meno, ikusanye, iache ikauke kabisa.

Kuna yale ya kuteleza, kama kongwa. Ukiling'oa na kulilaza katikati ya mistari siku ya mvua, baada ya wiki limeshika mizizi tena. Litoe nje ya shamba. Na msitegemee sana dawa ya glaifoseti kwa gugu hili, maana huivumilia kuliko mengi.

Na kuna magugu ambayo si magugu. Managu, saga na mchicha huota yenyewe katikati ya mahindi. Tulipokuwa wageni katika kazi tuliyahesabu kuwa uchafu. Kogo mmoja akatuuliza, "Mkishayaua hayo, mtatuletea mboga kutoka wapi?" Chuma majani machanga, yapeleke jikoni, mengine yatoe kabla hayajabana mahindi. Hiyo pia ni palizi.

Hatimaye kuna magugu yanayosema habari za udongo. Ukiona kimmea kifupi chenye majani kama kichwa cha mshale na ladha ya uchachu kinaenea shambani, mara nyingi udongo umekuwa na asidi nyingi. Mashamba mengi ya nyanda zetu yana tatizo hilo, na mbolea ya kupandia aina ya DAP ikitumika miaka mingi bila kupumzisha huongeza asidi hiyo. Hapo usilaumu gugu. Peleka udongo ukapimwe, uulize habari za chokaa ya kilimo.

HABARI YA DAWA, NA KOSA LETU LA PILI

Tunajua swali lililo mioyoni mwenu: "Si tupige dawa tu, tumalize?"

Hatuko hapa kulaani dawa za magugu. Mwenye ekari nyingi na mikono michache zinaweza kumsaidia. Lakini sikieni kilichotupata. Mwaka mmoja kikundi kilitulalamikia kwamba magugu ya majani mapana yamezidi katika mahindi. Tukawaandikia kwenye karatasi jina la dawa ya 2,4-D. Dawa hiyo huua majani mapana na kuacha mahindi. Tulisema kweli. Lakini hatukutembea hadi shambani. Tungetembea, tungeona maharagwe katikati ya mistari, na maharagwe ni majani mapana. Baada ya siku chache yalijikunja yote. Hayo maharagwe ndiyo yaliyokuwa chakula cha nyumba zile kuanzia Julai hadi mahindi yakomae. Mama mmoja akatuambia bila hasira, na afadhali angetukasirikia: "Mlituuliza habari za mahindi. Maharagwe hamkuuliza."

Tangu siku hiyo hatuandiki jina la dawa kabla ya kuliona shamba. Na haya tunawaomba myashike:

Someni karatasi ya chupa kabla ya kununua, si baada ya kupiga. Kama hamna anayeisoma, mtoto wa shule aisome kwa sauti mbele ya kikundi.

Ulizeni dawa inaua nini na inaacha nini, na ulizeni pia mwaka ujao mtapanda nini hapo. Atrazini, kwa mfano, inaweza kubaki udongoni ikadhuru maharagwe au ngano ya msimu unaofuata.

Glaifoseti haifai kwa maji yenye matope, kwa sababu udongo huishika dawa ikakosa nguvu. Pia inahitaji gugu bichi linalokua. Ukiipiga kwenye nyasi zilizokauka umemwaga pesa. Na haiui mbegu zilizolala udongoni.

Parakwati ikimezwa haina dawa ya kuiondoa mwilini. Msiiweke kamwe katika chupa ya soda, wala mahali watoto wanapofika.

Msioshe pampu kwenye mto, bwawa wala birika la mifugo. Chupa tupu zitobolewe, zisichotewe maziwa wala maji hata kama zimeoshwa mara kumi.

Jambo la mwisho juu ya dawa: ukitumia ile ile mwaka hadi mwaka, utaua dhaifu na kubakiza sugu, na sugu ndizo zitakazozaa. Glaifoseti ilianza kuuzwa mwaka 1974. Kufikia mwaka 1996 wakulima wa Australia walikuwa wameshapata nyasi isiyosikia dawa hiyo. Leo duniani kuna zaidi ya aina 250 za magugu yaliyokwisha kuzoea dawa moja au nyingine. Jembe, kubadilisha mazao na kivuli, vikitumika pamoja, gugu halivizoei kwa urahisi. Kwa hivyo changanyeni njia. Mwaka wa mahindi ufuatwe na maharagwe, viazi au ngano. Samadi iozwe vizuri hadi ipate joto, maana samadi mbichi hubeba mbegu za magugu kutoka tumboni mwa ng'ombe. Na msiache nafasi wazi: kwa mistari ya sentimita 75 na mashimo ya sentimita 30, ekari hupata karibu mimea 18,000. Shimo lisiloota mahindi litaota kitu kingine.

KWA VIJANA NA WAZAZI WAO

Mmetuuliza pia kama kazi hii inafaa kwa watoto wenu. Nyumba ya elimu iko karibu nanyi. Chuo Kikuu cha Moi kilianzishwa mwaka 1984, na makao yake yako hapa Kesses. Chuo Kikuu cha Eldoret, ambacho kilikuwa chini yake kwa jina la Chepkoilel hadi kilipopata hati yake mwaka 2013, kinafundisha kilimo. Egerton kule Njoro ilianza mwaka 1939 kama shule ya kilimo. Njia zipo.

Lakini mzazi, mtoto akisema anataka kusomea kilimo, usimwambie, "Tulikupeleka shule utoke kwenye jembe." Tuliambiwa hivyo sisi. Wengine tuliona aibu, tukaenda shambani na viatu vya ofisi, tukasimama kwenye mpaka wa shamba. Mtaalamu anayesimama mpakani haoni maharagwe.

Na wewe kijana, elimu utakayopewa ni ya kweli, iheshimu. Almasi ya Kitale ni kweli, mvua ya Birch ni kweli. Lakini karatasi haikujui mama wa kumi na mbili. Utamjua kwa kuuliza, na kwa kuingia katikati ya mistari mpaka suruali ijae kishona nguo.

Tangu mwaka 2013 kazi ya kilimo vijijini iko chini ya serikali za kaunti. Maafisa hawatoshi kila boma, na msiwangoje kama mnavyongoja mvua. Kikundi kinaweza kuwa mtafiti wake chenyewe. Tuwaonyeshe njia.

JARIBIO LA KIKUNDI

1. Chagueni shamba moja lililo kando ya njia ili wote waone. Pimeni vipande vitatu vilivyo sawa, kila kimoja hatua 10 kwa hatua 10. Mbegu moja, mbolea moja, siku moja ya kupanda.

2. Kipande cha kwanza kipalilieni wiki ya tatu baada ya kuota, na tena wiki ya sita. Cha pili kipalilieni mara moja tu, wiki ya sita. Cha tatu kingoje hadi wiki ya kumi na mbili, kama yule mama.

3. Mbolea ya kukuzia wekeni baada ya kupalilia, kamwe si kabla, katika vipande vyote.

4. Andikeni katika daftari la kikundi tarehe, idadi ya watu waliopalilia na saa walizotumia.

5. Wakati wa kuvuna pimeni kila kipande kwa gorogoro lile lile mbele ya wanachama wote. Gorogoro halina cheo.

Baada ya hapo hamtahitaji sisi tuwaambie. Mtakuwa mmeona kwa macho yenu, na mtawaambia wengine.

Ndugu zetu, tumefanya kazi hii miaka mingi, na mkituuliza tumejifunza nini, hatutawatajia dawa wala mbegu. Tumejifunza kwamba gugu lina faida moja kubwa kuliko mkulima: halina mkutano, halina cheo, halingoji ajenda. Linaota siku ile ile mvua inaponyesha. Tukitaka kulishinda, ni lazima tufike mapema kwa yule ambaye mikono yake haitoshi. Jembe halimtupi mkulima, lakini majembe kumi na mawili yakimfikia jirani kwa wakati, hata mnyonge hula.

Mungu awabariki, na mvua ije kwa wakati wake. 

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, nani ni wa kumi na mbili? Alifikaje pale?

2. Msimu uliopita, kila mmoja wetu alipalilia mara ya kwanza wiki ya ngapi baada ya mahindi kuota?

3. Nyumbani kwetu, nani hupalilia na nani huamua pesa za mavuno?

4. Ni mikutano gani tunaweza kuiahirisha kwa wiki tatu mwaka huu ili tuingie shambani?